Kijiko cha Kimea: Historia ya Ulezi na Togwa Kusini mwa Tanzania

Huku kwetu Songea shughuli haiitwi shughuli kama hakuna togwa. Iwe harusi, ubatizo, kumaliza matanga au kulima kwa kualikana, mgeni hukaribishwa kwa kinywaji kizito cha rangi ya kahawia, kitamu siku ya kwanza, chenye ukali kidogo siku ya pili. Watoto hupewa kwanza. Wazee huchotewa kwa kata. Wale wa pombe husubiri yao, ambayo mara nyingi imetoka kwenye kimea kilekile. Katika miaka yangu ya kufundisha sayansikimu, wanafunzi wamekuwa wakiniuliza chakula gani cha kwetu kina faida kubwa zaidi mwilini, huku wakitegemea nitaje maziwa, mayai au samaki. Hivyo vyote ni vyema, na anayevipata ale. Lakini mimi huwajibu: ulezi uliooteshwa ukawa kimea. Kisha huwaeleza kwa nini najibu hivyo, na maelezo hayo hunipeleka mbali, kwenye vita, njaa, mashamba ya mkonge, bei za serikali na kazi ya mikono ya akina mama.

Tuanze na ulezi wenyewe. Zao hili ni la Afrika Mashariki kwa asili. Lilitokana na nyasi za porini za nyanda za juu kati ya Ethiopia na Uganda, na wakulima wa huko walianza kulipanda maelfu ya miaka iliyopita. Likashuka kusini pamoja na watu waliokuwa wakihama na majembe yao, na kwa njia ya bahari likafika India, ambako linaitwa ragi na mpaka leo ni chakula cha kila siku cha watu wengi wa jimbo la Karnataka. Mahindi, ambayo vijana wa leo wanadhani tumerithi kwa mababu, yaliletwa na Wareno kutoka Amerika kuanzia karne ya 16, na huku bara yalikaa muda mrefu kama zao la pembezoni, la kuchoma na kutafuna wakati nafaka zenyewe hazijaiva. Ugali wa babu zetu wa kusini ulikuwa wa ulezi, mtama au uwele.

Kila kabila lilikuwa na namna yake. Wafipa waliulima ulezi kwenye matuta yao ya duara waliyofukia majani ndani. Wanyakyusa waliutengenezea kimpumu. Wachagga hata leo hawapati mbege bila ulezi, kwa kuwa ndizi peke yake haitoshi. Wateso wa Uganda huketi kuuzunguka mtungi mmoja na kunyonya pombe yao ya ulezi kwa mirija mirefu. Ukitazama vizuri utaona kwamba karibu kila mahali ulezi ulikuwa na njia mbili ndani ya nyumba. Ya kwanza ni kusagwa mkavu, ukapikwa ugali au uji. Ya pili ni kuoteshwa, ukakaushwa, ukasagwa ukawa kimea. Njia hii ya pili ndiyo iliyobeba elimu kubwa, na ndiyo iliyosahaulika kwanza.

Faida za ulezi kwa mwili si jambo la kubahatisha. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Maziwa ya ng'ombe ya uzito huohuo yana kama 120. Mahindi hayafiki hata sehemu ya kumi ya ulezi. Ulezi una pia madini ya chuma, na kwa kuwa punje yake ni ndogo mno kukobolewa kama mahindi, husagwa pamoja na ganda lake, kwa hiyo nyuzinyuzi na vitamini za kundi B haziishii kwenye pumba za kuku. Ndiyo maana katika jamii nyingi, kuanzia Kisii hadi Songea, mzazi aliyetoka kujifungua alipewa uji wa ulezi kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna aliyekuwa na mizani ya kupimia kalsiamu. Walikuwa na macho, na kumbukumbu ya vizazi vya wanawake waliozaa na kunyonyesha.

Kuna sifa moja zaidi, nayo ndiyo inayoniingiza kwenye historia ya huzuni. Punje ya ulezi ni ndogo kiasi kwamba mdudu wa ghala hapati pa kujichimbia. Mahindi yasiyotiwa dawa yanaweza kuliwa na dumuzi ndani ya msimu mmoja. Ulezi mkavu hukaa kihengeni miaka mingi bila kuharibika. Familia yenye busara haikula ulezi wote wa mwaka. Ilikula wa zamani na kuweka mpya, hivyo kihenge kikawa benki ya nyumba. Mvua ikigoma mwaka mmoja, hata miwili, watoto walikuwa na cha kunywa asubuhi.

Sasa fikiria maana ya kuchoma kihenge cha namna hiyo. Vita vya Majimaji vilipofika Ungoni mwaka 1905, Wajerumani waliona kuwa bunduki peke yake hazingemaliza upinzani wa watu waliojificha maporini. Wakaamua kutumia njaa. Mashamba yalifyekwa, vijiji vikatiwa moto, nafaka ikachukuliwa au ikateketezwa. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa mjini Songea, na siku hiyo huadhimishwa hapa kila mwaka kwenye makumbusho. Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, naye alinyongwa mwaka huohuo. Tunawakumbuka mashujaa hao kwa majina, na ni haki yao. Lakini waliokufa kwa kukosa chakula ni wengi zaidi sana kuliko waliouawa kwa kamba na risasi. Wanahistoria wamekadiria waliopotea katika vita vile na njaa iliyofuata, kusini mwote, kuwa hadi watu 250,000 au 300,000. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake jinsi watu walivyochimba mizizi porini na kuichemsha mara kwa mara kuondoa sumu. Alisimuliwa pia kwamba baada ya vita, aliyebakiwa na ulezi wa mbegu kwenye kibuyu alihesabiwa tajiri kuliko mwenye ng'ombe. Vihenge vya ulezi vilivyoungua vilikuwa akiba ya miaka kadhaa, na akiba ya namna hiyo haijengwi upya kwa msimu mmoja.

Waliosalia wakalima tena. Hata hivyo, kilimo cha ulezi kinataka watu, na watu walianza kuondoka. Shamba la ulezi la zamani lilifunguliwa kwenye pori. Wanaume walikata miti na matawi, wakayachoma, na mbegu ikarushwa juu ya majivu. Wanawake wakapalilia kwa mikono, kazi ngumu kupita kiasi, kwa sababu mche wa ulezi na magugu jamaa yake hufanana mpaka vinapotoa masuke. Ukimpeleka mtu asiyejua, atang'oa chakula na kuacha nyasi. Kisha kuna ndege wa kufukuza, masuke ya kukata moja moja kwa kisu kidogo, kupura, kupepeta kwenye ungo, na mchanga wa kutenganisha na punje zilizo ndogo karibu kama mchanga wenyewe.

Chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, kodi ya kichwa iliwalazimisha vijana wa Songea kwenda kutafuta fedha kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba. Walikaa huko kwa mikataba, wakalipwa mshahara mdogo na kupewa posho, na posho hiyo kwa kawaida ilikuwa unga wa mahindi na maharage. Nyumbani hapakuwa na mikono ya kukata miti. Mwanamke aliyeachwa na watoto alilima kile alichoweza peke yake, na mahindi au muhogo vilimpa nafuu. Mahindi hupandwa kwa kuchimba shimo, hujifunika maganda yakajilinda na ndege, na huvunwa kwa mkono mtupu. Mwanamume naye aliporudi alikuwa amezoea ugali mweupe.

Hali hiyo haikuwa ya Ungoni pekee. Mtaalamu wa elimu ya jamii Audrey Richards alikaa na Wabemba wa kaskazini mwa Zambia ya leo miaka ya 1930, na kitabu chake cha mwaka 1939 kinaeleza kwa kina watu ambao ugali wao ulikuwa wa ulezi. Alieleza kwamba kwa Mbemba, mtu ambaye hajala ugali hajala, hata kama ametafuna mahindi ya kuchoma siku nzima. Alieleza pia kwamba wanaume wengi walipokwenda kwenye migodi ya shaba, miti haikukatwa, mashamba ya majivu yakapungua, na miezi ya njaa ikawa mirefu. Nchi ni mbili, lakini waliondoka wanaume kwa namna moja, na sufuria zikabadilika kwa namna moja.

Kwa upande wa Kenya kuna ushahidi mwingine wa miaka hiyohiyo. Mwaka 1931 John Boyd Orr, aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, alitoa pamoja na daktari John Gilks taarifa ya utafiti kuhusu vyakula vya Wakikuyu na Wamasai. Utafiti ule ulikuwa na kasoro za wakati wake, na wanahistoria wamezieleza. Lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo nimekuwa nikiwasomea wanafunzi wangu. Wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani ambazo wanaume hawakuzigusa, na kwa hiyo chakula chao kilikuwa na kalsiamu nyingi kuliko cha waume zao. Vyakula vilivyodharauliwa kuwa vya kike ndivyo vilivyokuwa vinajenga mifupa. Uji wa ulezi wa mzazi, mchicha wa porini, mnafu na majani ya kunde vilikuwa elimu ya wanawake, na elimu hiyo haikuwa na mtu wa kuitetea kwenye mabaraza.

Naomba sasa nieleze kimea chenyewe kinavyotengenezwa, maana wasomaji wengi wa mjini hawajawahi kukiona. Nilifundishwa na shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kukaa darasani. Aliloweka ulezi jioni kwenye chungu. Asubuhi alimwaga maji, akazitia punje kwenye kikapu alichokitandika majani ya mgomba, akazifunika kwa majani mengine na kuweka jiwe juu. Kila jioni alinyunyizia maji ya uvuguvugu. Siku ya pili ukifunua unakuta vijizizi vyeupe. Siku ya tatu vijizizi vimeshikana, ukiinua kona moja unainua vyote kama mkeka. Hapo ndipo alipovitawanya, akavianika juani juu ya jamvi mpaka vikauke kabisa, akavisugua baina ya viganja na kupepeta ili mizizi na machipukizi yatoke. Zikabaki punje zenye harufu tamu, ukitafuna moja unaonja sukari. Alizisaga juu ya jiwe.

"Shangazi, kwa nini tusiutie unga wa kimea tangu uji unapochemka?" nilimuuliza.

"Mwanangu, ukikitia kwenye moto unakiua. Ngoja uji upoe, uchovye kidole ukivumilie."

Alipika uji mzito kwa unga wa mahindi, mzito hasa, mwiko ukisimamishwa unasimama. Akautua, akasubiri. Kidole kilipovumilia, alinyunyiza konzi moja ya kimea na kuanza kukoroga. Kwa macho yangu niliona uji ukilegea. Mwiko uliosimama ukalala. Muda wa kusimulia hadithi fupi ulitosha kuugeuza ugali laini kuwa kinywaji kinachomiminika kutoka kwenye kata. Kisha akaufunika na kuuacha usiku kucha. Kesho yake ulikuwa togwa.

Miaka mingi baadaye, chuoni, ndipo nilipopata maelezo ya kile kidole cha shangazi. Punje inapochipua hutengeneza kimeng'enya cha kukata wanga vipande vidogo, ili mche mchanga upate sukari ya kukulia. Kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri kwenye joto la wastani, na moto wa kuchemka hukiua. Wanga ndio unaofanya uji uwe mzito. Ukishakatwa, uzito unaondoka lakini chakula kinabaki. Kuotesha na kuchachusha hupunguza vilevile kitu kiitwacho faiteti, kilichomo kwenye nafaka zote, ambacho hung'ang'ania chuma na kalsiamu zisiingie mwilini. Kwa hiyo madini yaliyomo kwenye ulezi hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye kimea na togwa kuliko kwenye ulezi uliosagwa tu na kupikwa.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana kwa mtoto wa mwaka mmoja. Tumbo lake ni dogo. Mama akipika uji wa kunyweka, katika kila sehemu 100 za uji huo unga ni kama sehemu 5 hadi 8, zilizobaki ni maji. Mtoto anashiba maji. Akipika uji mzito wenye unga wa kutosha, mtoto anashindwa kuumeza. Huo ndio mtego ambao watoto wetu wengi wamedhoofika ndani yake huku nyumba ina gunia za mahindi. Kijiko cha kimea kinautegua. Uji unaweza kuwa na unga sehemu 20 katika 100, na bado ukanyweka kwa kikombe. Kikombe kilekile, tumbo lilelile, chakula karibu mara tatu.

Watafiti wa Tanzania waliliona hili mapema. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wake, akiwemo A. C. Mosha, wakishirikiana na Ulf Svanberg wa Chuo Kikuu cha Chalmers nchini Sweden, walichapisha matokeo ya vipimo vya kimea. Walionyesha kwa namba kile ambacho wapika togwa walikijua kwa mwiko. Kuna pia tahadhari yenye maana: machipukizi ya mtama yana sumu ya sayanidi, kwa hiyo kimea cha mtama lazima kisuguliwe mizizi na machipukizi yatoke yote. Ulezi hauna hatari hiyo, na ndiyo sababu nawashauri watu watumie ulezi.

Cha kusikitisha ni kwamba sayansi ilifika wakati kimea kinatoka majumbani. Ukame wa 1973 na 1974 uliitia nchi njaa, na serikali ikaamua kujitosheleza kwa mahindi. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye mashamba yao yaliyotawanyika na kuwaweka kando ya barabara, mbali na mapori mapya ambayo ulezi uliyapenda. Mpango wa Taifa wa Mahindi ulileta mbegu na mbolea kwa bei nafuu. Serikali ikaweka bei moja ya kununulia mazao nchi nzima, na mkulima wa Songea, aliye mbali kuliko wote na soko la Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza akalipwa sawa na wa Morogoro. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ikawa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Lami ya Makambako hadi Songea ilipokamilika miaka ya 1980, malori yalipanda matupu na kushuka yameelemewa. Sisemi mpango ule ulikuwa mbaya. Uliwalisha wa mijini, uliwapatia wazazi wetu fedha za mabati na ada, na baadhi yetu tulisomeshwa na gunia za mahindi. Ila shamba lililokuwa la ulezi likawa la mahindi, na wa kuotesha kimea akabaki mpika pombe.

Hapo pakaingia tatizo jingine. Kimea kilibaki kwenye komoni na pombe nyingine za kienyeji, kikapata jina baya. Makanisani kilihubiriwa vibaya pamoja na ulevi, na miaka ya uhaba viongozi walikataza kupika pombe ili nafaka isipotee. Mama mcha Mungu hakutaka kuonekana ameanika kimea uani kwake. Nilipokuwa mwalimu mgeni wilayani Njombe, wakati huo ikiwa ndani ya Mkoa wa Iringa, nilimsikia mama mmoja siku ya kupima watoto akimwambia mhudumu wa afya kwamba hawezi kumnywesha mwanawe kitu cha kilabuni. Mhudumu, mama wa makamo, hakubishana naye. Aliomba sufuria, akapika uji mzito, akatia kijiko cha kimea mbele ya watu wote, akaurudisha motoni ukachemka tena ili vijidudu vife, akaunywa yeye mwenyewe. Kisha akampa yule mama kikombe. Mtoto, aliyekuwa akikataa kijiko tangu asubuhi, alikunywa chote.

Siku zile za kupima nazikumbuka vizuri. Mizani ilining'inizwa kwenye tawi la mti, mtoto akavalishwa kaptura ya kitambaa yenye kamba, akaning'inia akilia. Uzito uliandikwa kwenye kadi yenye rangi: kijani ni salama, kijivu ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Kilichokuwa kipya ni kwamba takwimu zilisomwa mbele ya serikali ya kijiji, wanaume wakiwepo, na wakaulizwa watafanya nini juu ya watoto wa rangi nyekundu. Huo ulikuwa mpango wa lishe wa Iringa, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na WHO kwa fedha za Italia, ukianzia kwenye vijiji 168. Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 6 ya watoto hadi chini ya asilimia 2. Kimea kilikuwa sehemu moja tu ya kazi hiyo. Zilikuwepo chanjo, usafi, wahudumu wa afya wa kijiji na mahali pa kulishia watoto mchana wakati mama yuko shambani. Lakini kimea kilikuwa sehemu ambayo haikuagizwa kutoka nje.

Utafiti uliendelea hata kwenye ule usiku mmoja ambao togwa huachwa ichachuke. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Lishe, tena pamoja na Svanberg, aliripoti mwaka 1994 kwamba watoto wa kijijini waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Sababu ni kwamba bakteria wanaoleta ule ukali hutengeneza asidi, na vijidudu vingi vya kuharisha havistahimili asidi hiyo. Mahali pasipo na friji, ambapo mama hupika asubuhi mtoto akala mpaka jioni, hii ni kinga kubwa. Uji wa kawaida ukikaa mpaka saa kumi alasiri huwa mahali pa vijidudu kuzaliana. Togwa ya jana ina ulinzi wake ndani yake.

Na leo? Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya ulezi, uwele na mtama, kwa pendekezo la India. Madukani ulezi umerudi, umefungwa kwenye mifuko mizuri, na bei yake inamshinda mkulima mwenyewe. Akina mama wengi wananunua au kusaga uji wa lishe wa mchanganyiko wa nafaka nyingi, karanga na soya ndani ya mfuko mmoja, unga unaochacha vibaya ukikaa na ambao karanga mbovu moja inaweza kuutia sumukuvu. Wakati huohuo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu wa asilimia 30 kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini, huku Iringa ukizidi nusu, na Njombe na Rukwa ukiwa kama nusu ya watoto wote. Mikoa inayolisha taifa ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao. Sitasema ni kwa sababu ya kuacha ulezi. Kuna mama anayelima kutwa bila wa kumsaidia mtoto, kuna magonjwa, kuna milo miwili badala ya mitano, kuna mboga na dagaa zinazoishia sahani ya baba. Lakini gunia za mahindi zimejaa na tumbo la mtoto ni lilelile dogo, na njia ya kuingiza chakula cha kutosha kwenye tumbo hilo tuliijua kabla hatujawa na shule hata moja.

Kwa hiyo ombi langu ni la kawaida kabisa. Kliniki zetu zifundishe kimea kwa vitendo, kwa sufuria na moto, si kwa bango la ukutani. Mtoto aliyetimiza miezi sita, pamoja na maziwa ya mama yake, apewe uji mzito uliolegezwa kwa kijiko cha kimea cha ulezi na kuchemshwa tena, ukisindikizwa na dagaa waliopondwa, maharage au yai kadiri nyumba ilivyojaliwa. Mwenye shamba atenge kipande kidogo cha ulezi, japo robo eka, wa nyumbani tu, usioenda mnadani. Wachungaji na mapadre wetu watenganishe kimea na ulevi, maana kosa la kilabuni halikufanywa na punje. Na sisi wanawake wenye umri, tunaojua kidole kinavumilia joto gani, tuwaite wake wa wanetu na wajukuu wetu jikoni mwaka huu, tuwaoteshee kimea mbele yao mpaka mikono yao ijue. Vizazi vya nyuma yetu vilivuka vita na njaa vikiwa vimeshika elimu hii kwenye kibuyu cha mbegu. Sisi tuna amani, mvua na barabara ya lami, na hatutakuwa na la kujitetea tukiiacha ikatike mikononi mwetu.